Mtoto atafute kitabu mwenyewe: kufundisha maktaba kwa michezo shule ya msingi

Hii naiandika hasa kwa mwalimu aliyekabidhiwa maktaba ya shule bila semina yoyote, umepewa funguo, umeonyeshwa chumba, vitabu vimerundikwa juu ya meza na kwenye kabati, umeambiwa haya kazi kwako. Mimi nafundisha msingi hapa Tanga mjini na haya nayoeleza nayafanya na watoto wa darasa la tatu mpaka la sita, hakuna linalohitaji hela nyingi.

Kabla ya yote fungua hilo kabati. Najua kwanini linafungwa, vitabu vikipotea wewe ndio utaulizwa na mwalimu mkuu, lakini mtoto ambaye hagusi vitabu hata umsomeshe vipi ubaoni hatojua maktaba. Kuna mkutubi, yaani mtaalamu wa maktaba, mmoja wa India, S. R. Ranganathan, mwaka 1931 aliweka kanuni 5 za maktaba na ya kwanza kabisa ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Ya kwanza! Hakuanza na kutunza wala kuhesabu.

Pia usianze kwa kuwakaririsha. Nimeona watoto wanaimba namba za kupangia vitabu (nazieleza hatua ya 2), mia tano sayansi, mia sita teknolojia, wanaimba vizuri kabisa, alafu ukimwambia kalete kitabu cha ndege anasimama katikati ya chumba anakutazama. Miguu yake haijawahi kwenda huko. Ndo maana nasema michezo kwanza, tena michezo ya kukimbia, alafu maelezo yanakuja yenyewe wakati wanabishana nani kakosea.

Kuandaa

Unahitaji vitabu mia hivi, hata pungufu sio neno. Manila mbili tatu za kukata kadi, maka peni, sotepu, filimbi, na uwanja. Kama vitabu havina namba kwenye mgongo, ule upande unaoonekana kitabu kikisimama rafuni, itabidi ubandike mwenyewe, kata vipande vya karatasi nyeupe, andika namba kubwa inayosomeka, funika na sotepu pana ili jasho la mikono lisifute. Sio lazima namba ziwe kamili kama za maktaba kubwa, kwa shule ya msingi tarakimu tatu zinatosha kwa vitabu vingi, zenye nukta weka kwenye vichache tu vya kufanyia mchezo. Ukikwama kabisa kitabu kiende wapi, waulize wakutubi wa maktaba ya mkoa pale mjini, ile ya King George, au kama unamjua yeyote aliyesomea ukutubi kile chuo cha Bagamoyo mtumie picha ya jalada kwa wasapu, atakujibu.

Hatua ya 1: foleni ya majina

Hapa wanajifunza mpangilio wa alfabeti, maana kila kitu maktaba kinaanzia hapo. Watoe nje, waambie wajipange foleni kwa majina yao kuanzia A mpaka Z bila kusema neno hata moja. Wanaruhusiwa kuonyeshana daftari lenye jina, kuandika chini kwenye mchanga, ishara za mikono, lakini mdomo umefungwa. Anayeongea anaenda mwisho wa foleni. Utaona vile wanavyohangaika, wanasukumana wanacheka kimyakimya, na baada ya dakika kadhaa foleni inasimama.

Sasa raha ya kufundishia huku pwani ni majina yetu. Utakuta darasa moja lina Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanaisha, Mwanajuma na Mwanakombo. Herufi tano za mwanzo zote sawa! Waite hao mbele, darasa zima liwapange. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba herufi ya kwanza ikifanana unaenda ya pili, zikifanana unaendelea tu, mpaka Mwanaidi na Mwanaisha ambao unafika herufi ya saba ndio unawatenganisha. Hata ukiwa na vitabu elfu huwezi kupata mfano mzuri kuliko huo, na wenyewe wanajisikia wa maana siku hiyo.

Wakishaelewa geuza, sasa wajipange kwa jina la mwisho. Foleni yote inavurugika na hiyo ndo shabaha yako, kwasababu vitabu vya hadithi hupangwa kwa jina la mwisho la mwandishi, Asha Salimu Mbaruku yuko kwenye M sio kwenye A. Wacha walalamike kidogo alafu waambie wazee wenu wakiandika kitabu ndivyo watakavyopangwa.

Hatua ya 2: barabara kumi

Utaratibu wa namba unaotumika kwenye maktaba zetu za umma aliutoa Mmarekani anaitwa Melvil Dewey mwaka 1876. Aliyagawa maarifa yote mafungu 10, kila fungu likapewa namba mia. Kwa mtoto wa Tanga hili halina ugumu kabisa kwasababu Ngamiani, mitaa yetu ya hapa mjini, tayari imepangwa hivyo, ukimwambia mtoto nenda barabara ya 12 haulizi mtu, anajua ipo baada ya 11 na kabla ya 13 hata kama ile nyumba yenyewe hajawahi kufika. Mimi naanzia hapohapo. Nawaambia maktaba ina barabara 10, kila kitabu kina nyumba yake, namba kwenye mgongo ndo anuani.

Chora uwanjani mistari 10 kwa majivu au kijiti, kila njia andika namba yake chini, 000, 100, 200 mpaka 900. Watoto wasimame mwanzo wa uwanja. Unataja kitu kwa sauti, ukipuliza filimbi wanakimbilia barabara wanayodhani ndipo kilipo. Wa kwanza kufika sahihi anapata kizibo cha soda kama pointi, lakini muhimu zaidi uliza "kwanini umekimbilia hapo?" kabla ya kusema jibu.

Mara ya kwanza watembeze, barabara moja moja, kila moja uipe watu wake. 000 kuna maarifa ya jumla, ensaiklopidia, na kompyuta pia. 100 ni fikra na hisia za watu. 200 dini zote, Quran na Biblia ni majirani hapo. 300 jinsi watu wanavyoishi pamoja, serikali, shule, biashara, mila. 400 lugha na kamusi. 500 sayansi, nyota, mimea, wanyama. 600 kazi ambazo binadamu anafanya kwa kutumia sayansi, dawa, kilimo, ufugaji, mapishi, mashine. 700 sanaa, muziki na michezo. 800 fasihi. 900 historia na jiografia.

Alafu anza kuwachanganya, hapo ndo mchezo unanoga. Taja "samaki". Wote 500, sawa, 597 kabisa. Taja "kuvua samaki kwa nyavu". Nusu wanaganda 500 na nusu wanakimbia 600, na wa 600 ndio wako sahihi, maana uvuvi ni kazi, uko 639. Taja "kupika samaki wa nazi", bado 600 lakini nyumba nyingine, 641. Taja "simba", 500. Taja "Simba na Coastal Union walivyocheza Mkwakwani", wanakimbia 700 huku wanashangilia, 796. Taja "hadithi za sungura na fisi alizosimulia bibi", wote watakimbilia 800 na utawaambia hapana, ngano za mapokeo ziko 398, barabara ya 300, kwasababu ni mali ya jamii nzima. Hii wataikataa. Waache waikatae, mtoto anayebishana kuhusu mahali pa kitabu tayari anafikiri kikutubi, na hatosahau 398 maisha yake yote.

Mkonge pia uweke. Ukiutaja kama mmea ni 500, ukiutaja kama zao la shambani ni 600, ukitaja vile ulivyoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf unaingia 900. Kitu kimoja barabara tatu. Hapo watoto wa la tano na la sita wananyamaza wanawaza, unaona kabisa kitu kinaingia.

Hatua ya 3: rede ya namba

Nukta ndo inawaangusha wengi, hata watu wazima, kwahiyo hapa usiharakishe. Mtoto akiona 599.638 na 599.67 anasema ya kwanza ni kubwa, maana 638 inazidi 67. Kwenye rafu sio hivyo, unalinganisha tarakimu moja moja baada ya nukta, 6 na 6 sawa, alafu 3 na 7, basi 599.638 inatangulia. Andika kadi hizi nne: twiga 599.638, tembo 599.67, simba 599.757, nyani 599.8. Mpangilio wake sahihi ndio huo nilivyouandika, na watoto wengi kwa mara ya kwanza wanamuweka nyani mbele kabisa kwasababu 8 ni ndogo. Kuna njia moja rahisi ya kuwasaidia, waongeze sifuri mwishoni zote ziwe na tarakimu tatu, 638, 670, 757, 800. Hata wa darasa la nne anaona.

Sasa rede. Unaijua, wawili wanasimama pande mbili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko kati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Sisi badala ya chupa, wa kati anawekewa kadi 5 za namba zimetawanywa chini, anatakiwa azipange kwa mpangilio huku anakwepa mpira. Akipigwa anatoka anaingia mwenzake wa timu, anaendelea pale alipoacha. Akimaliza anapiga kelele "maktaba!" na timu ya pili inakagua. Zikiwa zimekosewa hata moja inarudi mwanzo. Anza na namba bila nukta, 120, 297, 398, 597, 641, wakizoea ingiza zenye nukta.

Uzuri wa kukagua ni kwamba timu pinzani inakodoa macho kweli kweli kutafuta kosa, kwahiyo wale wasiocheza wanajifunza kuliko hata aliyeko kati. Mpira uwe wa soksi au matambara, usiruhusu mpira wa ngozi, na kurusha iwe kuanzia kiunoni kushuka chini.

Hatua ya 4: mkutubi kasema

Hii ni ya ndani, mnakaa. Kila mtoto au kila wawili na kitabu kimoja. Unasema "mkutubi kasema gusa mgongo wa kitabu", wanagusa. Ukisema "gusa jalada" bila kutanguliza mkutubi kasema, atakayegusa anatoka. Taja mgongo, jalada, ukurasa wa jina, jina la mwandishi, mchapishaji, mwaka wa kuchapwa, yaliyomo, faharasa (ile orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu na kurasa yaliko), namba ya rafuni. Spidi iongezeke polepole.

Ukimaliza ingia kwenye yaliyomo na faharasa, watoto wanazichanganya sana. Gawa timu mbili zenye kitabu kilekile cha maarifa. Timu moja inatumia yaliyomo tu, nyingine faharasa tu. Uliza "sura inayohusu mimea inaanza ukurasa gani?" na wa yaliyomo watashinda. Uliza "neno mzizi liko kurasa zipi?" na wa faharasa watashinda. Wakibadilishana mara mbili tatu wanajua wenyewe ipi ya kazi gani, hauna haja ya kuandika ubaoni.

Kamusi ifuate hapohapo kama mnazo. Andika neno kama lilivyo kwenye sentensi, "meno", "nyuso", "walipikiwa", washindane kulifikia. Watatafuta W kwa walipikiwa mpaka wachoke, alafu mmoja atagundua lazima uvue viambishi ubaki na pika. Huyo mwache aeleze yeye mbele ya wenzake.

Hatua ya 5: kombolela ya kitabu mtoro

Kila kundi lina rafu yake. Kundi la kwanza linatoka nje linahesabu mpaka 50, la pili linachukua vitabu vitatu linavificha kwenye nyumba zisizo zao, humohumo rafuni, mgongo uonekane, sio nyuma ya kabati. Wakirudi wanasoma namba moja moja kutafuta mtoro. Akipatikana wanapiga kelele "kombolela!" na anarudishwa nyumbani kwake.

Kwangu huu ndo mchezo muhimu kuliko yote. Kitabu kilichowekwa pasipo pake ni sawa na kilichopotea tu, na shule nyingi hazina mtu wa kupanga rafu kila siku. Ukiwa na watoto 20 wanaopenda kusaka watoro umepata wasaidizi. Kwangu wanaingia wakati wa mapumziko bila kuitwa.

Hapa pia ndio pa kufundisha kijiti. Kata mbao nyembamba au manila ngumu, kila mtoto aandike jina lake, akitoa kitabu rafuni anaacha kijiti chake pale pale. Akirudisha anajua pa kuweka. Kama hana uhakika asibahatishe, aweke mezani.

Hatua ya 6: kusaka hazina

Sasa unaunganisha vyote. Makundi ya watoto 5 au 6, kila kundi kadi za rangi yake, na kila kundi lianze sehemu tofauti la sivyo wote watarundikana kwenye kabati moja wavunje mlango. Kadi ya kwanza inasema mfano "nenda 597, tafuta kitabu cha samaki, angalia faharasa neno papa, fungua ukurasa huo". Ndani ya ukurasa kuna kadi ya pili. Kadi nne au tano zinatosha, ya mwisho iwe na swali la kujibu na sio zawadi tu.

Shida utakayokutana nayo ni vitabu vya mambo ya kwetu havitoshi. Dawa yake ni watoto wa la sita wavitengeneze. Karatasi za A4 kunja katikati, shona na uzi au stepo, kila kundi mada moja. Mapango ya Amboni na mawe yake ya chokaa. Mkonge. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita mpaka akapatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na huku kwetu wavuvi wakawa wanamnasa mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake Tanga mwaka 2009. Wadai kila kijitabu kiwe na jalada, ukurasa wa jina, yaliyomo, namba za kurasa, na faharasa. Ukimwona mtoto anahangaika kutengeneza faharasa yake, anarudi nyuma kuhesabu neno "bahari" liko kurasa zipi, jua huyo kashaielewa faharasa hata usipomtungia mtihani. Vibandikeni namba viingie rafuni na vingine, viazimwe kama vingine.

Sheria ya chumba ni moja, nje unakimbia, ndani unatembea. Kundi likikimbia ndani linasimama linahesabu 20 ndo liendelee. Hauna haja ya kufokea mtu.

Mambo ya kuangalia

Darasa la watoto 70 au 80 usijaribu kuwaingiza wote. Gawa mara tatu, theluthi moja maktaba, theluthi rede na kiranja uwanjani, theluthi wanasoma kimya chini ya mwembe, mnazungushana. Muombe mwenzako akushikie kundi moja.

Wasiojua kusoma vizuri wapo hata darasa la nne, na hawa wakiaibika siku moja tu umewapoteza. Waweke wawili wawili, na kwenye lebo ongeza rangi, kijani kwa 500, nyekundu kwa 600 na kuendelea, ili naye aweze kufika kwenye rafu kwa rangi wakati herufi zinakuja. Mtoto mwenye shida ya kutembea mpe filimbi au awe mwamuzi wa kweli, yule anayeamua kadi zimepangwa sawa, na kwenye kombolela rafu za chini ziwe zake.

Mwezi wa Ramadhani watoto wengi huku wamefunga hata wadogo, kwahiyo rede na barabara kumi ziweke pembeni au zifanyike asubuhi kabla jua halijakaa utosini, kamusi na mkutubi kasema zinatosha kabisa. Masika nayo, uwanja ukijaa maji barabara kumi zichore kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, wabebe kadi badala ya kukimbia.

Pointi usizihesabu mpaka mwisho wa muhula. Kila wiki anza upya, maana watoto walewale wenye mbio wakishinda kila siku wengine wanakata tamaa.

Kuazima na kupima

Baada ya michezo yote acha watoto wawe wakutubi kwa zamu. Daftari moja lenye jina, darasa, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mmoja anaandika, mmoja anakagua kama kitabu kimechanika, mmoja anapanga. Wiki moja ni muda mzuri. Kikichelewa msimchape, mtume rafiki yake amkumbushe. Vichache vitapotea, ni kweli, na ukienda kumweleza mwalimu mkuu nenda na hilo daftari umwonyeshe vingapi vimesomwa.

Kupima usitunge mtihani wa karatasi. Andika maswali kwenye vipande vidogo, "tafuta kuku anaatamia siku ngapi", "tafuta mlima mrefu Afrika una mita ngapi", "leta hadithi iliyoandikwa na mtu ambaye jina lake la mwisho linaanza na K". Mtoto anaokota kimoja, anaingia peke yake, wewe unakaa mlangoni humsaidii. Akirudi na jibu na amekirudisha kitabu nyumbani kwake, amefaulu. Akitoka mikono mitupu muulize alianzia barabara ipi, hapo utajua arudie hatua gani, wiki ijayo anaokota kingine.